Nitie sahihi ahadi ya kurudisha mkono kabla sijaanza chuo?

Mpendwa Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 37, mkazi wa Nyalenda hapa Kisumu. Nilifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 2006 nikapata gredi ya C, na nikafanya vizuri kiasi katika Biolojia na Kiswahili, lakini baba alifariki kabla matokeo hayajatoka, na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, habari za chuo ziliishia hapo. Niliuza mitumba katika soko la Kibuye, nikawalipia wadogo zangu karo kadiri nilivyoweza, nikaolewa, na sasa nina watoto wawili, mkubwa akiwa Gredi ya 9.

Mwaka 2023 niliingizwa katika orodha ya wahamasishaji wa afya ya jamii. Nilipewa begi lenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kifaa cha kupima sukari, kipimajoto, mizani na simu ya kuandikia taarifa, nikakabidhiwa nyumba zipatazo mia moja za mtaa wetu, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo nusu yake hutoka kwa serikali kuu na nusu kwa kaunti. Kazi hiyo ndiyo iliyoniamsha. Kuna siku nilimzungushia mtoto wa jirani ule utepe wa kupima unene wa mkono, ukasimama kwenye sentimita 11, yaani ndani kabisa ya rangi nyekundu, ile ya utapiamlo mkali. Nilimwandikia rufaa, mamake akambeba, na akiwa mlangoni akaniuliza mtoto atafanyiwa nini wakifika huko. Sikuwa na la kumjibu. Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba nataka kusomea uuguzi.

Niliomba nafasi kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na nimeipata: stashahada ya uuguzi ya miaka mitatu katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Mume wangu, ambaye ni mwendeshaji wa boda boda, amekubali kubeba kodi ya nyumba na chakula. Kinachobaki ni karo, sare, vitabu na nauli, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuniwia magumu, si kwa kukosa watu wa kunisaidia bali kwa wingi wao.

Muuguzi mmoja mstaafu wa kanisani kwetu, ambaye sote tunamwita Sista, ameahidi kunipa shilingi 60,000 kutoka kwa akiba yake. Anasema hataki kulipwa, ila nikimaliza nirudi niwahudumie watu wa hapa, na nimsomeshe msichana mmoja asiyejiweza. Chama chetu cha akina mama nacho kimeamua kunipa shilingi 60,000 kutoka kwa mfuko wa hisa, na kinapanga harambee ndogo ya kuongezea. Lakini katibu ameandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba “mwanachama atarudisha mkono kwa jamii baada ya kuhitimu”, na mwenyekiti anataka nitie sahihi mbele ya wanachama wote. Nilipouliza ni nini hasa nitakachotakiwa kufanya, mweka hazina alisema nitarudisha pesa zote pamoja na faida. Mama mwingine alisema nitawatibu wao na watoto wao bila malipo. Wa tatu akasema, kwa sauti ya mzaha lakini nikajua si mzaha, kwamba nitamwingiza binti yake kazini. Mwenyekiti alifunga mjadala kwa kusema ahadi ni deni.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye anafanya kazi Nakuru, ananiambia nisitie sahihi chochote. Anataka kuchukua mkopo wa Sacco kwa hati yake ya mshahara anilipie kila kitu, na nikishahitimu niende Uingereza, ambako anasema nitamlipa kwa mwaka mmoja na kuwasahau hao wa chama.

Ninaogopa kuonekana mtovu wa shukrani nikikataa kutia sahihi, na ninaogopa kujifunga nikikubali. Je, nitie sahihi? Fedha za nani nichukue? Na kwa umri huu, kweli nitapata muda wa kuyalipa haya yote?

Nyar Nyalenda, Kisumu.


Nyar Nyalenda,

Hongera kwa nafasi uliyopata. Kwa kuwa tarehe ya kuripoti chuoni haimsubiri mtu, nitaanza na jibu lenyewe: usitie sahihi kumbukumbu hizo jinsi zilivyoandikwa, lakini usizikatae fedha za chama. Omba kumbukumbu ziandikwe upya. Sidhani akina mama hao wana nia mbaya. Tatizo ni kwamba wameandika deni lisilo na kiasi, lisilo na tarehe na lisilo na mwenyewe, na deni la namna hiyo halilipiki hata ukipata mshahara wa daktari bingwa, kwa sababu kila atakayekuja kudai atakuwa na hesabu yake kichwani. Tayari umewasikia watatu, na wote watatu walikuwa katika kikao kimoja.

Mweka hazina ndiye niliyemwelewa vizuri zaidi. Fedha za mfuko wa hisa ni jasho la wanachama. Wengine wameziweka hapo shilingi mia kwa mia wakisubiri zamu yao, na chama kikizigawa kama sadaka kwa mtu mmoja, mwezi wa Desemba kutakuwa na maswali. Fedha hizo ni mkopo, na ni heri zikaitwa mkopo tangu leo, zikaandikiwa kiasi na muda.

Huyo anayetaka kutibiwa bila malipo anaomba kitu ambacho hutakuwa nacho mkononi. Dawa za hospitali si za muuguzi. Ukiajiriwa katika kituo cha umma, ada hutozwa kwa utaratibu wa kituo na wa bima, na muuguzi anayefungua kabati ampe jirani yake dawa mlango wa nyuma ameanza safari ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu. Tena jiandae, maana hilo halitangoja uhitimu. Muhula wa kwanza haujaisha, majirani watakuja usiku wakitaka uwadunge sindano waliyoinunua dukani, kwa hoja kwamba “si wewe ni sista siku hizi”. Mwanafunzi hana leseni. Anaruhusiwa kumhudumia mgonjwa akiwa chini ya usimamizi katika wadi alikopangiwa, si sebuleni kwake. Waambie hivyo mapema, kwa upole, na mume wako awaambie vivyo hivyo, kwa sababu watu wakikukosa wewe watapitia kwake.

Na yule wa kazi ya binti yake ni wa kujibiwa hapohapo kikaoni. Tangu huduma nyingi za afya zihamishiwe kwa serikali za kaunti mwaka 2013, wauguzi wa vituo vya umma vya kaunti huajiriwa kupitia bodi za utumishi wa umma za kaunti, kwa matangazo na mahojiano. Muuguzi mpya hata wadi ya kufanyia kazi hajichagulii, sembuse kumwajiri mtu. Ukinyamaza leo kwa kuona haya, binti huyo atakaa miaka minne akihesabu kwamba ana mtu hospitalini, na siku atakapokosa kazi utaitwa mchoyo.

Hapo sijagusa zile fedha za harambee, ambazo katibu wenu amezichanganya na za hisa katika sentensi moja. Zitenganishwe. Harambee ina sheria zake ambazo haziandikwi popote, nawe umekulia humu unazijua. Anayekuja kwenye harambee na mia mbili hakudai mia mbili. Anachotazamia ni kwamba akifiwa, akioza binti, au mwanawe akipata barua ya chuo, nawe utaonekana. Kwa hiyo nunua daftari. Andika jina la kila aliyechanga na alichotoa, hata kama ni kuku au debe la mahindi, na jumbe za M-Pesa uzinakili humo kabla simu haijaharibika au kuibwa. Daftari hilo ndilo litakaloongoza urudishaji wako wa mkono kwa miaka kumi ijayo. Hutahitaji kukumbuka kwa kubahatisha nani alikusimamia, wala kumpa kila anayejitokeza akidai alikuwepo. Watu wa pande hizi wamekuwa wakisomeshana hivyo tangu zamani. Tom Mboya wa Rusinga alipoandaa safari ya kwanza ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani mwezi Septemba 1959, wengi wa vijana wale waliondoka na fedha zilizochangwa na jamaa na majirani, na sijapata kusikia kwamba waliwekewa kitabu cha kutia sahihi pale mlangoni pa ndege. Walitegemewa, naam, na pengine walitegemewa kupita kiasi. Lakini tegemeo la harambee ni jambo la heshima baina ya watu, si la mdaiwa na mdai.

Sasa Sista. Ningependa umfikirie yeye zaidi ya chama, kwa sababu ndiye aliyekupa zawadi ya kweli na ndiye utakayeona aibu mbele yake ukimwangusha. Ameomba mambo mawili, na mojawapo huna uwezo wa kuliahidi. Hujui utaajiriwa wapi. Ukimaliza miaka mitatu utafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya ili upate leseni, kisha utaanza kutafuta kazi pamoja na wengine wengi waliohitimu kabla yako na bado wanasubiri matangazo. Hata kuajiriwa kwenyewe kuna ngazi zake: wahudumu walioajiriwa kwa kandarasi za miaka mitatu mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote waliandamana kwa miaka wakidai waajiriwe kwa masharti ya kudumu. Huenda kazi ya kwanza utakayopata ikawa Turkana, au katika hospitali ya misheni huko Kakamega, kwa mshahara mdogo kuliko unaouota sasa. Mwambie Sista hivyo uso kwa uso. Yeye ametoka katika kazi hiyo. Atakuelewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote katika barua yako, na pengine atakuambia kwamba alichotaka hasa ni usije ukawasahau watu wa mtaa, jambo ambalo unaweza kulitimiza hata ukiwa Lodwar.

La pili, la kumsomesha msichana mmoja, linawezekana, nami nakushauri ulikubali kwa mipaka. Liwe ni msichana mmoja. Umchague wewe na Sista, si chama, na karo ipelekwe moja kwa moja katika akaunti ya shule. Lianze baada ya wanao kuvuka shule ya sekondari, hata kama itakuwa miaka saba kutoka leo. Nasisitiza hilo la wanao kwa sababu kuna gharama moja ambayo sikuiona popote katika barua yako. Mtoto wako mkubwa yuko Gredi ya 9. Ataingia Gredi ya 10 wewe ukiwa bado mwanafunzi, na kama atapangiwa shule ya bweni, kutakuwa na karo mbili katika nyumba moja inayotegemea pikipiki moja, tena baada ya wewe kuiacha posho ya uhamasishaji. Wazazi wengi wanaorudi chuoni hukwama hapo. Huanza na fedha za kutosha za muhula wa kwanza, wakaja kusimama mwaka wa pili kwa ajili ya sanduku la bati na godoro la mtoto.

Hili linanileta kwa mdogo wako wa Nakuru, ambaye nadhani mmemweka mahali pasipo pake. Wewe mwenyewe umeandika kwamba uliwalipia wadogo zako karo kwa fedha za Kibuye. Sijui kama yeye ni mmoja wao, ila nahisi ndiye. Kama ni hivyo, basi katika habari hii yote ya kurudisha mkono, yeye ndiye ambaye zamu yake imefika, na hana sababu ya kukukopesha. Mkopo wa Sacco uliochukuliwa kwa hati yake ya mshahara utakatwa kwake kila mwezi iwe umefaulu au umeanguka, na mkewe atauona upungufu huo mezani kila mwezi. Deni la ndugu halina tarehe, na ndiyo maana huwa halimaliziki. Hata ukilipa senti ya mwisho, bado kutakuwa na sauti kwenye mazishi fulani ya kukukumbusha nani alikusomesha. Mwombe jambo dogo na lililo wazi: abebe karo ya mpwawe wa Gredi ya 10 kwa miaka ambayo wewe utakuwa chuoni, alipe shuleni mwenyewe, na lisiitwe mkopo. Akikubali hilo, atakuwa amekusaidia kuliko Sacco nzima.

Kabla ya kugusa fedha za mtu yeyote, jaza fomu za HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Bodi hiyo, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, huwakopesha pia wanafunzi wa KMTC. Najua watu wa rika lako huiogopa kwa sababu wamesikia majina yakitangazwa magazetini. Mimi naiona ni mdai mwenye adabu. Inakuambia kiasi unachodaiwa, inakuambia unatakiwa kuanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na haiji nyumbani kwako Jumapili kukuuliza mbona umenunua kochi jipya. Ubaya wake ni kwa anayejificha: adhabu ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi, na jina hupelekwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo. Ukichelewa kupata kazi, waandikie uwaeleze, usikae kimya. Ulizia pia fomu za basari katika ofisi ya wadi yako, na usione haya kupanga foleni na watoto wa miaka kumi na minane. Kila shilingi utakayoipata huko ni shilingi ambayo hutadaiwa na jirani.

Kuhusu Uingereza, mdogo wako hajakosea kwamba njia ipo. Serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya huko mwaka 2021. Lakini hakuna anayelipa madeni yote kwa mwaka mmoja. Kuna mitihani ya lugha, ada za usajili, na kodi ya nyumba ya huko, na mwajiri anapendelea mtu aliyekwisha kufanya kazi wodini. Sitakukataza. Fedha zinazotumwa nyumbani zimejenga nyumba nyingi kuanzia Nakuru hadi Busia, na anayezituma naye anarudisha mkono. Ninalokutaka ni hili: kama wazo la kwenda ng'ambo limo kichwani mwako hata kwa robo, Sista alisikie kutoka kwako kabla hajaenda benki kutoa zile 60,000. Anaweza kukupa hata hivyo. Anaweza pia kupunguza. Ni haki yake kujua anampa nani na kwa safari gani, nawe utasoma kwa utulivu zaidi ukijua hakuna siri inayokusubiri mbele.

Umeuliza juu ya umri. Kila mtu mzima anapotaja masomo, hukosi kumsikia mtu akimtaja Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, au Gogo Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga wa Nandi aliyekaa darasani na vitukuu vyake akiwa amepita miaka 90. Nawaheshimu mno, lakini hawakusaidii katika swali lako. Maruge aliingia shule kwa sababu serikali ilikuwa imeondoa karo ya msingi mwaka uliotangulia, na hakuwa na mtoto wa kupeleka Gredi ya 10. Swali lako ni la hesabu. Ukianza sasa, utahitimu ukiwa na miaka 40 au 41. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Hata ukikaa miaka miwili bila ajira, unabakiwa na miaka kumi na saba ya mshahara. Deni la chama la shilingi 60,000, ukililipa 2,500 kila mwezi, linaisha kwa miezi 24. Miaka ipo ya kutosha, mradi ujue ni nani unayemlipa na ni kiasi gani.

Kwa hiyo rudi kwa mwenyekiti kabla ya kikao, si siku ya kikao, maana kiongozi akishangazwa mbele ya watu hushikilia msimamo hata kama hautaki. Mpelekee maneno haya yakiwa yameandikwa, umwombe yasomwe badala ya yale ya kwanza:

“Chama kinamkopesha mwanachama shilingi 60,000 kutoka kwa mfuko wa hisa kwa ajili ya karo. Mkopo hautatozwa faida wakati wa masomo. Ataanza kulipa shilingi 2,500 kila mwezi kuanzia mwezi wa tatu baada ya mshahara wake wa kwanza. Asipopata kazi ndani ya miezi 12 baada ya kupata leseni, atalipa shilingi 500 kila mwezi hadi atakapoajiriwa. Akiacha masomo kwa sababu yoyote, mkopo utalipwa kwa masharti ya kawaida ya chama. Fedha za harambee ni zawadi na hazidaiwi.”

Hiyo utaitia sahihi, tena kwa kalamu yako mwenyewe, na mwenyekiti aitie, na uombe nakala. Atakapokuambia tena kwamba ahadi ni deni, mkubalie, umwambie ndiyo maana unataka deni hilo liandikwe vizuri. Omba pia, katika kikao hichohicho, wakupunguzie mchango wa kila wiki kwa miaka hiyo mitatu; ukiacha jambo hilo bila kulisema, utajikuta unakopa kwa mtu mwingine ili ulipe hisa za chama kilichokukopesha karo, huku faini za kuchelewa zikipanda.

Jambo dogo kuhusu begi lako la uhamasishaji: si lako. Zungumza na afisa wa afya ya jamii wa kituo chenu sasa, mkabidhiane vifaa na simu kwa maandishi, na nyumba zako mia moja zipate mtu mwingine kabla hujaondoka. Mpeleke huyo mtu mlango kwa mlango, hasa kwa zile nyumba zenye wajawazito na watoto waliokuwa kwenye nyekundu na manjano. Sista akiona umefanya hivyo, sidhani atahitaji sahihi yako kwa jambo lolote.

Na ikiwa chama kitakataa, ikiwa wengi watasisitiza ile sentensi ya kwanza ibaki ilivyo, washukuru na uziache fedha zao. Utakuwa na za Sista, HELB ikikujibu utakuwa na za HELB, na mdogo wako atakuwa amebeba mtoto. Zisipotosha kwa sasa, usiingie chuoni na pengo ukitumaini Mungu atalijaza katikati ya muhula. KMTC hupokea wanafunzi Machi na Septemba, kwa hiyo uliza kama unaweza kuahirisha hadi awamu inayofuata, uuze Kibuye miezi hiyo sita, ukaingie ukiwa umekamilika. Ila barua ya kuomba kuahirisha hupelekwa kwa msajili kabla ya siku ya kuripoti, nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa mbele yako.